Damu Iliposahau Kuganda

Jumapili, alasiri. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, sioni hata paa la jirani. Kanisani sikwenda, nimeambiwa nipumzike. Nimekaa jikoni karibu na moto, naitazama mikono yangu kana kwamba nimepewa leo.

Niko hai. Nimeandika ili nilione neno lenyewe.

Mnaonisoma mnajua kwamba niliwahi kupata donge la damu mguuni, na lilipotokea mara ya pili lilisafiri hadi kwenye pafu. Tangu hapo nameza wafarini kila jioni, dawa ya kuzuia damu isigande. Nimeizoea hadi nasahau kuwa ni dawa.

Juzi juzi jino la nyuma likaniuma, shavu likavimba. Nikateremka hadi duka la dawa, nikapewa antibayotiki za aina mbili, moja ikiwa metronidazo. Muuzaji aliniuliza kama nina mimba. Kama natumia dawa nyingine hakuniuliza, na mimi sikusema. Niliona jino ni jino na damu ni damu.

Shavu likanywea. Nikafurahi kweli.

Halafu nikaanza kuona mabaka ya zambarau mapajani. Nikasema nimejigonga kwenye kuni. Fizi zikawa zinatoka damu nikipiga mswaki. Nikasema ni lile jino. Mtu akitaka kujidanganya, sababu hazimwishii.

Alhamisi asubuhi nilikuwa namenya ndizi pamoja na mama mkwe wangu. Tone jekundu likaanguka kwenye sufuria. Likafuata lingine. Mama akaniinamisha kichwa mbele, akanibana pua kwa vidole vyake vigumu vya jembe, akasubiri. Alipoachia, damu ikaja kama bomba lililofunguliwa. Akabana tena. Khanga ya kwanza ililowa, na ya pili ikalowa.

"Mwanangu, hii siyo ya kawaida," akasema, na sauti yake ilitetemeka. Sijawahi kumsikia Mama akitetemeka.

Mume wangu, Elihaki, akakimbia kumwomba jirani pikapu. Tulitoka kwenye manyunyu, na baada ya kona nyingi tambarare ya Same ikafunguka chini yetu, kavu, inang'aa kwa jua. Nikaiona nzuri mno. Nikawaza: kumbe mtu anaweza kufa akiangalia kitu kizuri hivi.

Hospitalini daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwamkia Mama shikamoo, kisha akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwaga mkoba wote kitandani. Akachukua wafarini, akachukua metronidazo, akaziweka pamoja kwenye kiganja kimoja.

"Hizi mbili umezimeza pamoja?"

Nikaitika kwa kichwa.

Akanieleza taratibu huku akinijaza shashi puani. Ini ndilo linaloivunjavunja wafarini ili isizidi mwilini. Metronidazo inalizuia ini kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nameza kidonge kilekile cha kila siku, lakini ndani yangu kilikuwa kinarundikana. Majibu ya maabara yalipokuja, muda ambao damu yangu inachukua kuganda ulikuwa umepitiliza mbali sana kiwango ninachotakiwa kuwa nacho.

Akaagiza nipewe vitamini K, kiasi kidogo. Ikizidi, alisema, damu itaganda kupita kiasi na donge linaweza kurudi. Nikaelewa nimesimama wapi: upande huu navuja, upande ule naziba.

Mama akauliza hiyo vitamini inatoka wapi. Daktari akasema ni ileile iliyo kwenye mboga za majani.

"Yaani mnamtibu kwa mchicha?"

Daktari akacheka. Hata mimi nilicheka, na shashi zangu puani. Mama hakucheka. Alitazama ile dawa kidogo inayoingia mwilini mwangu, kisha akasema polepole, kama mtu aliye ibadani, "Mchicha huu huu wa kwetu." Mpaka jioni alikuwa bado anatikisa kichwa.

Ijumaa walitoa shashi. Nilibana pumzi. Halikuanguka hata tone.

Nimefundisha darasani miaka mingi kwamba damu huganda. Nimechora ubaoni, watoto wamenakili, nimesahihisha. Sikuwahi kufikiri kwamba kila nikijikata na kisu, kila nikichomwa na mwiba shambani, kuna kitu kinaamka mahali pale pale, kinafanya kazi yake kisha kinaacha. Sijawahi kukiagiza. Sijawahi kukishukuru.

Kuanzia sasa, sijali ni jino, kikohozi au chunusi: neno la kwanza nitakalomwambia anayenipa dawa ni "natumia wafarini."

Jana kabla ya kuruhusiwa nilichomwa kidole kwa kipimo cha mwisho. Mtu wa maabara akachukua alichohitaji, akanipa pamba, akaita mwingine. Sikuibandika ile pamba. Nilisimama kwenye korido nikitazama tone jipya likichomoza, likavimba, likatetemeka. Watu wananipita, Elihaki ananiita twende, gari linasubiri.

Likatulia. Likawa jeusi kidogo pembeni. Likakauka.

Nilitamani kuwaita wote waje waone.