Wiki ya Anjela

Dada Vero,

Shikamoo. Najua hukupenda nikuamkie. Ulikuwa unasema miaka sita uliyonizidi si umri wa kuamkiwa, nisikuzeeshe bure. Leo ipokee tu, maana nina maneno mazito na sijui pa kuyaanzia.

Ni Jumamosi asubuhi, niko kwenye ofisi ya vijana hapa parokiani. Nimejifungia kwa ndani ili wanakwaya wasije kuniuliza ufunguo wa kabati. Majilio yanakaribia, na mwaka wetu wa vijana unaanza na Majilio. Miaka tisa tumekaa kwenye meza hii hii, mimi na wewe, walezi wa vijana, tukipanga nani atafundisha nini, mafungo yawe lini, kipaimara kitaangukia wapi. Ulikuwa unakuja moja kwa moja kutoka kwenye kibanda chako cha kushonea kule Ngarenaro, vipande vya uzi vimeng'ang'ania sketi, chupa ya chai kwapani. Leo nimekaa peke yangu tangu saa mbili na sijaandika hata mstari mmoja. Nimeona siwezi kupanga mwaka wa mtoto wa mtu kabla sijazungumza na wewe.

Nikupe habari kwanza. Baba Faraja hajambo, yuko kwenu Akheri. Kahawa aliichuma kwa msaada wa majirani, na migomba iliyo karibu na kaburi lako imezaa mpaka wameiwekea miti ya kuegemea. Faraja amerithi cherehani yako. Anashona sare za shule, na mishono yake imenyooka kuliko yako. Usikasirike, wateja wako wenyewe ndio wanaosema. Lakini hapigi soga na mtu. Kibanda kimekuwa kimya mpaka wauza mitumba wa jirani wanalalamika.

Na vijana wamepungua. Niseme tu. Jumapili iliyopita walikuja kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanangoja mvua ikatike.

Unakikumbuka kikao cha mwaka jana. Nilikuja na kompyuta yangu na projekta niliyoiazima shuleni. Mwaka wote nilikuwa nimeugawa kwa robo: mada, semina, shindano la Biblia, na kilele chake tamasha kubwa la mwezi wa nane, fulana za rangi moja na mgeni rasmi. Halmashauri ya walei ilikuwepo yote, na Paroko. Nilipomaliza walinipigia makofi. Ndipo ukasimama wewe, ukaikunjua ile karatasi yako ya kaki ya kukatia mitindo ya magauni, ukaibandika ukutani palepale mwanga wa projekta ulipokuwa unapiga. Haikuwa na mada hata moja. Ilikuwa na majina. Kila wiki ya mwaka, jina la kijana mmoja, na wiki hiyo ni yake: walezi tunakwenda kwao, tunakula kilichopo, tunasali na familia, tunamsikiliza na hatumhubirii. Ulikuwa umeshawaza mpaka watoto wa Terrat wasiwekwe kiangazi, maana wakitoka shule wanahangaika na mifugo kutafuta maji, na wale wa kidato cha nne uliwaweka mbali na mitihani.

Mzee mmoja akasema, "Jamani, hili nalo ni jambo." Nikaona makofi yangu yanahama. Na hapo ndipo nikasema nilichosema. Nakiandika kama kilivyotoka, nisijipunguzie: "Dada Vero, vijana wa sekondari hawapangiwi mwaka kwenye karatasi ya magauni. Tuachie sisi tuliosoma." Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Wewe uliishia darasa la saba kwa sababu nyumbani kwenu walichagua kuwasomesha kaka zako, na jambo hilo ulinieleza mimi peke yangu, kwenye meza hii, siku moja tukingoja mvua ikatike. Mimi ndiye niliyelitoa hadharani.

Ulikunja karatasi mara nne. Ukasema, "Sawa, Mwalimu." Miaka tisa yote ulikuwa unaniita Selina. Hukurudi tena kikaoni.

Ulimi hauna mfupa. Nimewafundisha wanafunzi methali hiyo, nimeitungia na maswali ya mtihani, nimewakata alama walioieleza vibaya. Mimi mwenyewe ningepata sifuri.

Nilijiambia utapoa. Nilijiambia wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye uanze. Tulikutana misa ya kwanza tukatakiana amani kwa ncha za vidole. Kwaresima ikaingia. Kila Jumapili nilipiga kifua, nikaungama kwamba nimekosa, nawe ulikuwa viti vitatu mbele yangu. Viti vitatu, Dada Vero. Sikuwahi kuvipita.

Sasa nifike kwenye lile usilolijua. Au labda ulilijua, ukanyamaza kama kawaida yako.

Ilikuwa Jumamosi ya Kwaresima, mchana. Nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari. Nikasikia hodi getini, nikachungulia pazia, nikakuona: khanga yako ya kijani, na mkononi kidumu cha maziwa mgando. Nilidhani umekuja kwa ajili ya lile neno. Nilidhani umekuja kunigombeza, au umekuja kunisamehe, na hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi. Nikamwambia mwanangu Anjela, "Nenda ukamwambie mama hayupo." Mtoto akanitazama. Nikamkazia macho, unayajua macho yangu ya darasani. Akaenda. Nilikusikia ukicheka kidogo, ukamwambia maneno ambayo sikuyapata, kisha ukaondoka. Kidumu ulimwachia yeye. Jioni tulikula ugali na maziwa yale, na mimi nilikula, tena nikaongeza.

Mwezi wa sita presha ikakuchukua ghafla, ukiwa kwenye cherehani. Akheri siku ile kulikuwa na ukungu na matope, viatu vinabaki nyuma unapovuta mguu. Unaamini nilipewa kuongoza ratiba ya mazishi? Mimi tena, na karatasi yangu, dakika kwa dakika. Nilisoma wasifu wako mbele ya umati. Nikasema ulikuwa mlezi mwenzangu mpaka mwisho. Watu walinipa pole kama mtu aliyefiwa na dada yake wa tumbo moja, na nikazipokea zote. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Tamasha likafanyika. Fulana zilitosha, mgeni rasmi alichelewa, watoto wakacheza muziki wakaenda zao, na Jumapili iliyofuata wengi hawakuonekana. Nikawalaumu wazazi. Nikaamua kuwafuata nyumba kwa nyumba, si kwa upendo, nisikudanganye, bali kwa hasira, na orodha ya wasiohudhuria mkononi.

Nilianzia Terrat, kwa kina Lemayani. Mama yake alinikaribisha loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akanisikiliza nikilalamika mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mwalimu, mbona yule fundi wenu alikuwa anakuja? Mara ya kwanza Lemayani alikuwa malishoni, akarudi tena wiki hiyo hiyo. Huyu mtoto alishaacha shule, yeye ndiye aliyemrudisha. Sisi tulijua ni parokia imemtuma." Nikaenda nyumba ya pili, nikaenda ya tatu. Kila nilikopiga hodi, fundi alishafika. Nilikutoa kikaoni kwa neno langu, ukaenda kuutekeleza mpango wako peke yako, kwa miguu, jina baada ya jina, na kote uliwaambia umetumwa na sisi.

Nikaenda kibandani kwako. Faraja aliendelea kushona. Nilipomwuliza kuhusu karatasi alinionyesha kwa kidevu, ukutani, nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Majina uliyoyafikia umeyapigia mstari kwa chaki yako ya kukatia nguo, na pembeni umeandika kwa kalamu, kwa mwandiko wako wa kulala: huyu amefiwa na bibi yake. Huyu anaogopa hesabu. Huyu hana shida, anapenda kuimba tu, aimbe. Mistari inakoma mwezi wa sita. Nikarudi juu nikatafuta Kwaresima. Umeandika "Anjela wa Selina." Hukuandika wa Mwalimu. Na mbele yake: "Mama hayupo. Mtoto ana jambo zito. Nirudi." Jina lake halina mstari.

Kumbe hukuja kwa ajili yangu. Nilijiona mkubwa kiasi kwamba hata hodi yako niliifanya kuwa yangu. Ilikuwa wiki ya Anjela.

Nilikaa siku tatu bila kumwuliza. Siku ya nne tulikuwa tunachambua mchele uani, nikamwuliza alikuwa na jambo gani siku ile. Alichambua, akachambua, mpaka ungo ukawa hauna hata chuya. Kisha akasema yeye ndiye aliyekuomba uje. Alikuvizia baada ya misa akakuomba. "Nilitaka yeye akuambie kwamba nakuogopa, mama. Mimi nilikuwa siwezi."

Dada Vero. Mimi, mlezi wa vijana. Mimi niliyeweka robo ya pili semina ya siku mbili juu ya mzazi na kijana. Walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikumchelea hata siku moja, na bado anayelia ni mimi.

Na hayo siyo yote. Unajua kwa nini aliacha kuja vijana baada ya mazishi yako? Nilidhani ni ujana, nikamgombeza. Siku ile ya mchele aliniambia huku analia kwamba alidhani Mungu alikuchukua kwa sababu yeye alikudanganya. Alikuangalia usoni akasema mama hayupo, na wewe hukupata tena nafasi ya kurudi. Mtoto wa kidato cha pili. Miezi yote hiyo ameubeba uongo wangu akidhani ni wake, anakaa nami mezani, ananiuliza kama aniongezee mboga.

Nilimwambia uongo ule ni wangu. Nilimwambia kwamba ulikuwa na presha miaka mingi, na kwamba Mungu hafanyi kazi namna hiyo. Alisema, "Ndiyo, mama." Lakini sijui kama ameamini, maana mtoto anayekuogopa hukubali kila unachosema.

Juzi niliwaita walezi na halmashauri. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa slaidi hata za kuomba msamaha, mkono umezoea, nikaifunga kompyuta kwa nguvu. Nikasimama na kulirudia lile neno nililokuambia, kama lilivyokuwa. Nikawaeleza kwamba uliifanya kazi yetu peke yako huku mimi nikikuchungulia nyuma ya pazia. La Anjela la kuniogopa sikulisema, hilo ni lake. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba Faraja alikuwa ameshuka kutoka Akheri kwa sababu nilimwomba aje. Akasema, "Vero alituambia amepumzika mwenyewe. Alisema Mwalimu anaweza." Yaani hata nyumbani kwako hukuniteta. Afadhali ungeniteta, dada yangu, hata kidogo tu, ningekuwa na kitu cha kukulaumia.

Niliomba niachie uenyekiti wa walezi. Paroko alikataa. Alisema kuacha ni rahisi mno, adhabu yangu ni kutembea. Kwa hiyo mwaka unaokuja ni majina. Faraja amegoma kuitoa ile karatasi, na ana haki, lakini ameturuhusu kuinakili. Wale uliowafikia tutawarudia, na wale ambao mistari haikuwafikia wataanza. Jina la Faraja mwenyewe nimelikuta mwisho kabisa. Mwanao wa kumzaa ulimweka nyuma ya watoto wa watu wote. Nimemsogeza mbele, wiki ya kwanza ya Majilio, na nimemwambia. Alikata uzi kwa meno, akavuta kitambaa kingine.

Wiki ya Anjela sitaipanga mimi. Nimemwambia achague mlezi anayemtaka, na siku hiyo nitakaa kwenye kiti nisikilize, na nisikate mtu kauli. Jana nilijaribu kidogo. Alikuwa ananieleza kwamba hapendi ninavyomwita kwa sauti ya kupiga mahudhurio. Nilikuwa na majibu matatu tayari mdomoni. Nikayameza. Ilikuwa ngumu kuliko kuzungumza mbele ya halmashauri, na alipomaliza aliniangalia kama mtu anayengoja kofi. Sikumpiga, sijampiga tangu akiwa mdogo, lakini yale macho niliyaona.

Basi nikuache, dada yangu. Bwana akupe ile raha aliyowaahidi wanaowatembelea wadogo wake, na mwanga wake usikupungukie. Uniombee. Mimi bado naona haya kujiombea.

Sitakuahidi mambo makubwa, mipango yangu mikubwa umeshaiona. Nakuahidi moja. Siku mwanangu atakapoacha kuniogopa, nitamleta Akheri akuambie yeye mwenyewe. Na siku hiyo isipofika, nitakuja peke yangu, nikae pale chini karibu na wewe, nikuambie kwamba haikufika.

Selina