Mfunue Shati Kwanza

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Jana Rozi, binti wa dada yangu Felista, alinipigia simu kutoka Kihonda. Mwanawe mchanga anakohoa na amekataa ziwa. Jirani alishawaelekeza kwa mkata vimeo, wakawa wanasubiri neno langu tu. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake, na tangu ututoke, mjomba ni mimi.

Nikaukumbuka ua wetu wa Matombo. Felista alikuwa mdogo vivyo hivyo, na ni wewe uliyeamua akatwe kimeo ili kikohozi kiishe. Mzee wa kisu alishafika, anakunywa uji. Mama akamvua mtoto nguo amwogeshe, nawe ukaona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi.

Ukamwambia mzee, "Kimeo kiko kooni, baba. Huyu anateseka huku chini."

Akakucheka, akasema migomba unayolima imekupa udaktari. Ukampa mkungu wa ndizi asiondoke mikono mitupu, ukajifunga kitenge cha mama, ukambeba Felista mgongoni mpaka misheni. Wanaume njiani wakakuuliza umejifungua lini. Ukaongeza mwendo.

Sista wa zahanati alihesabu pumzi, akasikiliza mapafu, akasema ni nimonia. Felista akachomwa sindano siku kadhaa, akapona.

Mjomba, nimegombana na wengi kwa kalamu hii. Wapo wanaosema watu wa milimani ni wajinga. Waongo. Mama anayesikia mwanawe akikoroma kifuani humkimbilia aliye karibu, na mwenye kisu mara nyingi yuko karibu kuliko zahanati. Wanaostahili kuona haya ni walioiacha zahanati mbali.

Lakini kisu nacho sikitetei. Hakifiki mapafuni, kinaacha damu na kidonda. Wala tusiisingizie baridi ya mlima peke yake. Nimonia huletwa na bakteria au virusi, na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huwafungulia mlango. Vidonge vilivyobaki kwa jirani si tiba: kama ni bakteria, mtoto anahitaji dawa sahihi, na dozi nzima.

Nikamwambia Rozi, "Mfunue shati, uniambie unachokiona."

Akamfunua, akasema, "Mjomba, mbavu zinaingia ndani."

Nikamwambia aende hospitali sasa hivi, jirani nitazungumza naye mimi.

Mtoto amelazwa, ana mpira wa oksijeni puani, na dawa inapita kwenye mshipa. Nimekuandikia nikiwa nimeikodolea macho simu. Imeita sasa hivi. Ni Felista, yule yule uliyembeba, na kwanza alilia tu. Kisha akasema mjukuu wake ameshika ziwa.

Lala salama, mjomba. Nitawapelekea uji.

Mpwa wako, anayejifunza kuwa mjomba