Mahali Nisipoweza Kukutajia

Katwekera, Kibera
6 Februari 2024

Mwanangu Nabwire,

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Tangu tulipoachana mlangoni mwa kliniki mwezi wa Agosti sijakuandikia, nikidhani jambo lile lilikwisha. Hujambo? Kazi ya kusuka inaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa kifua, ambacho hunisumbua asubuhi.

Jumapili Phanice, mnayesali naye, alinieleza kwamba siku hizi unasali umesimama ibada nzima, na kwamba hata saluni umekataa kiti. Sielewi. Daktari alituonyesha picha ya eksirei, akasema mgongo wako ni safi, misuli tu imechoka. Mumeo Vincent yuko Turkana kwenye ujenzi wa barabara, nawe amekuacha mikononi mwangu. Nieleze ukweli, tena kwa maandishi. Kwenye simu sisi huishia salamu.

Baba mkwe wako,
Wakoli

Kawangware 46
18 Februari 2024

Baba,

Pole kwa kifua. Usiache kunywa maji ya moto. Mimi nipo, lakini si mzima.

Naandika kwa sababu mdomoni haitatoka. Mgongo wangu haujawahi kuniuma. Siku ile daktari alipouliza ninaumwa wapi, ulinijibia: "Mgongo." Ni mimi niliyekuambia hivyo nyumbani, kwa kuwa wewe ni baba wa mume wangu, na kwetu mke wa mtoto hawezi kumtajia baba mkwe sehemu ile. Nilitumaini daktari angeniuliza peke yangu. Hakuniuliza. Wakapiga picha ya juu. Uchungu uko chini, kwenye mfupa wa kitakoni, pale mgongo unapoishia. Basi, nimeshaandika.

Baada ya hapo nilimeza dawa za maumivu, na jirani akanikanda kwa mafuta mpaka nikalia. Mama Tracy, mwenye ploti ninayopanga, hunitania: "Nabwire, unasimama kama soja wa benki! Kwani kiti yangu iko na moto?" Nacheka naye. Sasa mguu wa kushoto unakufa ganzi, na mkojo unakawia kutoka.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Joan, mhudumu wa kliniki kule Riruta. Akafunga mlango, akasema, "Dada, kama ni ngumu usiniambie. Weka tu kidole." Nikaweka. Picha mpya imeonyesha shimo ndani ya mfupa. Natakiwa hospitali kubwa.

Mwanao,
Nabwire

Katwekera, Kibera
25 Februari 2024

Nabwire,

Natumaini umepata nafuu, walau kidogo. Niliisoma barua yako, nikaiweka chini, nikatoka nje. Nilikasirika, na sijui hasira ilikuwa juu ya nani.

Nenda hospitali na Phanice. Mimi nitakaa kwenye benchi la nje. Wakiniita ndani, nitakataa. Ukipata jibu, niandikie bila kuficha neno.

Baba

Kawangware 46
9 Juni 2024

Baba,

Habari za Kibera, na kifua? Kila nilipokwenda hospitali nilikukuta kwenye benchi. Tulisalimiana tu, ukanishikia mkoba. Asante.

Walidhani ni kifua kikuu cha mifupa. Wakachoma sindano ndefu hadi mfupani, wakatoa kipande, na maabara ikasema huu ni uvimbe wa seli kubwa. Si saratani, lakini unakula mfupa. Mara nyingi hushika karibu na goti. Wangu umekaa mahali pa nadra, mpaka wanafunzi wakaitwa kuutazama. Nililala kifudifudi, nikafumba macho.

Daktari Waithaka hakunificha. Huenda mwezi wa Agosti uvimbe ulikuwa mdogo, wa kukwanguliwa tu. Sasa umezingira mishipa ya fahamu. Wakipasua sasa, naweza kushindwa kuzuia haja maisha yangu yote. La sivyo, waanze na sindano za kuukausha, mwaka au zaidi, ndipo wapasue. Lakini mguu unaweza kuzidi kudhoofika, na katika sindano hizo siruhusiwi kushika mimba.

Mama mkwe ameshamwuliza Vincent mjukuu yuko wapi. Vincent naye ananiambia, "Muulize Baba. Chenye atasema, mimi niko sawa."

Basi nakuuliza.

Nabwire

Katwekera, Kibera
16 Juni 2024

Nabwire,

Umeamkaje na mguu? Hapa kumenyesha, na tope limefika mlangoni.

Nimemwambia mama Vincent asitaje mjukuu tena. Amenuna, na anune. Vincent nimempigia simu. Nilimwambia, "Wewe ndiye mume. Omba ruhusa, uje." Simu ikakatika, au aliikata.

Ama swali lako, sitalijibu. Nilikwisha kukujibia mbele ya daktari, na unaona tulipofika. Lolote utakalochagua, sitaruhusu mtu yeyote wa nyumba hii akusemeshe vibaya.

Baba

Kawangware 46
23 Juni 2024

Baba,

Poleni na mvua. Hapa kwetu umeme ulipotea, lakini umerudi.

Nikwambie ukweli, nilitaka unijibie. Kukiharibika, ningekuwa na mtu wa kulaumu. Jana nilitembea kutoka stendi ya matatu ya 56 hadi hapa nikiwa na kiatu kimoja. Cha kushoto kilitoka njiani, sikuhisi. Ni watu waliokuwa wakicheka nyuma yangu walionifanya nitazame chini.

Phanice anasema nipasuliwe sasa, nibaki na miguu. Joan anasema nisikimbilie kisu. Vincent hajapiga simu tangu uongee naye. Daktari anataka jibu wiki hii.

Nikishaamua nitakuandikia. Utajua wewe kabla ya mume wangu.

Mwanao,
Nabwire