Maembe ya Kichanjani

Kinole, 9 Januari 2024

Mwanangu Mwanvita,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu Abdulatif huko Bigwa. Huku tuko salama, mvua tu haitaki kutuacha, na goti langu linalalamika kila nikipandisha kwenye migomba. Wewe je? Kichefuchefu kimepungua au bado kinakutesa?

Umeuliza kwa nini sikupigii. Wewe si unayajua masikio yangu? Nikishika simu naweka sauti ya nje, halafu napiga kelele mpaka jirani anaitikia salamu isiyo yake. Mimba ya miezi mitano si habari ya kutangaziwa mlima mzima, hasa baada ya ile ya kwanza kututoka. Tuandikiane tu. Castory anashuka na gari la ndizi kila wiki, na anaapa hasomi barua za watu.

Nimekufungia maembe makavu na ndizi kavu. Nilipokuwa na mimba yako sikuweza hata kunusa wali, na ni haya yaliyonivusha. Weka kipande mdomoni, nyonya taratibu. Na usiniletee habari za kula udongo, nakujua vizuri sana.

Mamako

Bigwa, 18 Januari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na mzigo umefika. Mama, maembe matamu! Siku hiyo nilikula na kulala bila kutapika, Abdulatif akataka kuja huko kukubusu mikono.

Ila nina wasiwasi, na usinikasirikie. Nilikuta mchanga kwenye ndizi, na kwenye embe moja bawa la nzi. Nililitoa nikaendelea kula, kisha sikupata amani. Nilipoenda kliniki nikamuuliza nesi Angelina, yule anayenipima. Amesema matunda makavu hayana ubaya kwa mjamzito, hata choo kinalainika, ila yana sukari nyingi, nile kiganja kimoja kwa siku, si kama mtu aliyefungua duka. Niyaoshe kwa maji yaliyochemshwa. Yakiwa na ukungu nitupe, nisikwangue na kula. Na anayekausha asiyaanike chini, na ayafunike nzi wasitue.

Mama, naogopa kila kitu siku hizi. Nikikohoa naogopa. Nikienda chooni naangalia kama kuna damu. Nikipoteza na huyu sijui kama nitainuka tena. Basi ukiweza, yafunike. Nisamehe kwa kukufundisha kazi uliyoifanya kabla sijazaliwa.

Mwanao, Mwanvita

Kinole, 4 Februari 2024

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta na afya, wewe na huyo mgeni wetu. Mimi goti limetulia.

Sitakuficha, barua yako ilinichoma kidogo. Nilijiuliza, huyo Angelina anadhani wewe ulikuzwa kwa kula nini? Nikanuna siku nzima, kuku wakanikimbia. Halafu nikaisoma tena pale uliposema unaogopa kwenda chooni, nikainuka.

Nimejenga kichanja kipya kinachonifika kifuani, wala kuku hafiki. Nimetandika mkeka mpya. Na kufunika, sikutaka kutumia kanga zangu zilizochoka. Unakikumbuka chandarua walichotugawia mwaka jana? Kilikuwa bado kwenye mfuko wake, sijakilalia hata mara moja, kinanukia upya. Nimekitandaza juu ya maembe nikakikandamiza vizuri, na mvua ikija nakusanya vyote pamoja naingiza ndani. Hakuna nzi anayepata nafasi. Wachache wanaojaribu kutua wanaanguka chini wenyewe! Nilicheka peke yangu.

Sasa kula bila hofu. Mwambie na nesi wako kwamba mama wa mlimani naye ni msafi.

Mamako

Bigwa, 19 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia haraka haraka, nivumilie.

Maembe ya safari hii yalikuwa masafi mno, hata sikuyaosha. Niliona aibu kuyaosha baada ya ulivyohangaika. Yalikuwa na harufu kidogo, nikadhani ni mkeka mpya. Nimekula kila siku, na kile kipimo cha kiganja kimoja sikukishika.

Leo asubuhi nilienda na barua yako kliniki ili Angelina acheke, akacheka kweli. Alipofika kwenye chandarua akairudia mistari ile tangu mwanzo. Akaniuliza mara mbili kama ni kile cha kugawiwa. Mama, kile kina dawa kwenye nyuzi. Wale nzi hawakuwa wanaanguka tu, walikuwa wanakufa. Maembe yalikuwa mabichi, yana maji, na yameigusa dawa hiyo mpaka yalipokauka.

Akaniuliza tena, mtoto amecheza leo? Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu jana mchana sijamsikia. Wanasema niende hospitali sasa hivi. Abdulatif anatafuta bajaji. Nampa jirani karatasi hii ampelekee Castory.

Niombee.

Mwanvita

Kinole, 22 Februari 2024

Mwanvita mwanangu,

Uko hai? Mtoto yuko hai? Siwezi kuanza na salamu nyingine.

Nimepiga simu kwa simu ya jirani yangu Mwajuma, ya kwako haipatikani. Nikapiga ya Abdulatif, inaita mpaka inakatika. Nilipiga kelele za “mjukuu wangu” mpaka watu wakatoka majumbani. Sasa mlima mzima unajua, na sijali.

Mwanangu, siku ya kugawa tuliambiwa hata mtoto mchanga alazwe ndani ya chandarua. Nikaona, kama mtoto mchanga analala humo, embe litadhurika vipi? Sikuwaza kwamba kulala ni kitu kimoja na kula ni kingine. Mzee kama mimi!

Jana nilitoa maembe yaliyobaki kwenye mtungi, nikakaa kizingitini nikayala yote. Nilitaka nione yananifanya nini. Mwajuma amenigombeza, anasema nimerukwa na akili. Tumbo limeuma kidogo, sijui ni maembe au ni woga. Basi. Mimi sijapata kitu, na hilo halinifariji, maana mimi sina mtoto tumboni.

Nijibu hata neno moja.

Mamako

Kinole, 1 Machi 2024

Mwanangu,

Castory amerudi mikono mitupu. Anasema alimkabidhi Abdulatif barua yangu sokoni, na Abdulatif alisema mmeshatoka hospitali, akaondoka haraka. Hakusema zaidi. Castory naye, mwanaume gani huyu, hakuuliza!

Mmetoka na nini? Nimeliwaza neno hilo mpaka chakula hakipiti.

Ningekuwa nimeshashuka. Kila asubuhi navaa, nafunga mtandio, halafu nakaa. Mama haendi kwa mkwewe bila kubeba kitu, na mimi nikitazama ndizi, nikitazama mayai, naogopa kuvigusa. Sina imani tena na mikono hii. Na kama mtoto hayupo, nitaingiaje mlangoni kwako?

Kama umeamua kutonijibu, nimekuelewa. Mwambie tu Abdulatif aandike ndiyo au hapana.

Mamako

Bigwa, 5 Machi 2024

Mama,

Shikamoo.

Ndiyo. Yupo. Siku ile hospitali walisikiliza moyo wake, unadunda. Alicheza kesho yake alfajiri, nikamwamsha mgonjwa wa kitanda cha pili kumwambia. Daktari hakuweza kusema kama ni maembe yaliyomtuliza au alikuwa amelala tu. Wamenitaka niende kupimwa kila wiki mpaka nijifungue. Bado naogopa, na kila akinyamaza nakaa nikihesabu pumzi.

Sikuwa nimezuiwa kukuandikia. Simu niliizima mwenyewe. Nilimkataza Abdulatif kupokea, na barua yako niliiweka chini ya godoro bila kuifungua. Nilikuwa na hasira, Mama. Nilikuwa nakuchukia, na nilikuwa najichukia kwa kukuambia ufunike. Kila nilipotaka kukusamehe nilimkumbuka yule wa kwanza.

Jana ilipokuja ya pili nikazifungua zote mbili. Nilipofika pale ulipokaa kizingitini ukala, nililia mpaka Abdulatif akadhani uchungu umeanza. Usirudie. Nina mama mmoja.

Shuka na Castory Jumamosi, Abdulatif atakusubiri sokoni. Usibebe ndizi, usibebe mayai, usibebe hata limao. Njoo na mikono hiyo hiyo unayoiogopa. Jioni ndiyo anacheza sana, na nataka uiweke hapa tumboni akupige teke.

Mwanao, Mwanvita