Foleni ya Kandambili

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Kabla hujakaa vizuri, jua kwamba barua hii imeandikwa na mvumbuzi. Ndiyo, mimi, Kidomo wako, niliyekimbizwa shule na hesabu! Akili za zahanati nzima zikichangwa, na daktari ukimtia humo, hazinifiki magotini.

Hujambo lakini? Kifua chako na baridi ya huko vinaelewana? Sisi tunapumua. Baba halali vizuri, ila anakula. Mimi mzima wa mwili.

Ulilia kwenye simu ukiuliza imekuwaje Shangazi akafie zahanati, katikati ya watu wote wale. Simu haikutosha, ngoja nikueleze.

Unajua nalinda mlango pale. Wagonjwa wetu hawakai foleni, kandambili zao ndizo zinazokaa. Mtu anafika asubuhi, anazipanga nyuma ya za mwenzake, anakwenda zake kuota jua. Za Shangazi nani hakuzijua? Moja buluu, moja nyekundu, zimeungwa kwa waya.

Akaja fundi wa kompyuta na mashine ya kugawa namba kwenye simu. Ilitaka watu wagande kwenye benchi, ukitoka tu zamu imekwenda. Wakaisusa, wakarudi kwenye kandambili. Fundi akabaki kukuna kichwa. Nikamwambia, "Bosi, hawa huwawezi. Ifundishe mashine yako iwe kandambili." Akacheka, halafu akavuta kiti. Akaibadilisha: namba inakushikia nafasi popote ulipo, zamu ikikaribia simu inakuita. Wagonjwa wenyewe wakaibatiza Kandambili. Wakubwa walikuja kuiona, nikatembea kifua mbele mpaka vifungo vya shati vikaomba msamaha.

Shangazi tu ndiye aliyeitilia shaka. "We Kidomo, hicho kidude chako kitanijua mimi?"

"Shangazi, kitakujua hata ukija umevaa viatu!"

Akanizaba kofi la mgongo, tukacheka.

Siku ile alichukua namba, akaenda kujiegemeza nyuma ya tangi la maji, penye kivuli. Kifua kikambana hukohuko. Mashine ikamwita, ikamwita tena, ikaendelea na wengine. Nilimkuta mimi, nikienda kumwaga taka. Simu ilikuwa mapajani. Daktari alisema kama Shangazi angeingia zamu yake ilipofika, pengine leo angekuwa hapa ananisema.

Zamani kandambili zikifika mbele bila mwenyewe, foleni nzima ilipaza sauti: "Buluu na nyekundu! Yuko wapi huyu mama?" Mtu akatumwa kumtafuta, na hakuna aliyeingia mpaka apatikane.

Baba anakusalimu sana, na shemeji fundi cherehani, na wale pacha wa jirani wanaodai zawadi zao. Mungu akutunze ugenini, akurudishe tukuone. Kandambili za Shangazi ziko chini ya kitanda changu. Baba hawezi kuzitazama.

Kwenye simu nilikwambia ni mtandao. Mtandao haukuwa na neno, Dada. Siku anaibadilisha mashine, fundi aliniuliza, "Mtu akiitwa asiitike, tumtafute au turuke?" Watu walikuwa wanatusikiliza, nami nikataka nionekane najua. Nikamwambia, "Ruka. Asiyekuwepo na lake halipo."

Mdogo wako akupendaye, kama bado utaweza kunipenda,

Kidomo