Udongo wa Kitomanga Bado Unakunywa Maji

Festo mume wangu,

Hujambo na baridi ya Mbinga? Huku Kitomanga jasho halikauki, na nikijigeuza kitandani nautafuta mgongo wako, nakuta ukuta.

Tunachoronga ardhi kwa bomba la chuma, na kinachotoka ni udongo mtupu. Ule wa huko, unaokaa juu ya makaa ya mawe unayoyachimba, ulifukiwa chini sana. Joto likaukamua maji, chembe zake zikabadilika, ukawa mgumu kama kigae, na majani yaliyozikwa nao yakageuka makaa. Huu wa huku haukuzama kina hicho. Vijani vyake bado ni vya kahawia, na ukipata maji unayanywa, unavimba mpaka unabana bomba letu.

Jana niliumega nikautafuna, maana ndivyo tunavyojua kama una mchanga. Mama Somoe, anayetupikia, akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, huyo anayetaka udongo, baba yake utamwambia lini?"

Nikamjibu kwamba hii ni kazi tu. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Lakini udongo ukishaonjwa hutemwa, Festo, na mimi niliumeza. Kisha nikamega tena.

Simu ya huku inakatikakatika, na neno hili sikutaka likatike. Mtu wa posta akilisoma kabla yako, basi naye afurahi. Shuka lako usilifue, nikija nilinuse.

Wako,
Mama Nani sijui. Jina nakuachia wewe.