Picha Imesema Hakuna Kitu

Nakwa, Babati
4 Machi 1984

Mwanangu Kandida,

Mimi baba yako nina miaka sabini na sita. Nimevuka vita viwili vya Wazungu, nimewashinda inzi wa ndorobo waliomaliza ng'ombe wa Sigino, na nimemzika mama yako. Kwa hiyo usinijibu kama unamjibu mtoto. U mzima? Wenzako wa chumba cha eksirei hawajambo? Huku mvua ipo, sabuni hakuna, sukari tumesahau hata rangi yake.

Tumbo walilonipasua huku Oktoba, utumbo ulipojisokota, bado linauma. Baadaye ulinipiga picha mwenyewe hapo Moshi, ukasema safi. Lakini kuna kitu humo, kinanisukuma nikiinama kupalilia. Mimi niliyebeba gunia la mahindi kutoka Dareda kwa miguu, leo sijui maumivu? Mwambie daktari wako anifungue tena.

Baba yako,
Paskali

Moshi
25 Machi 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila filamu zimekwisha, tunakaa tu.

Picha yako nimeitazama tena na daktari. Vitambaa vya kupasulia vina uzi maalumu. Kimoja kikisahaulika tumboni, uzi wake huonekana mweupe kwenye picha. Kwako haupo. Daktari anasema kumpasua mzee wa umri wako bila sababu ni kumuua.

Baba, usikasirike. Tangu Mama afariki unakula peke yako, unalala peke yako. Upweke nao huuma.

Mwanao,
Kandida

Nakwa, Babati
19 Juni 1984

Mwanangu Kandida,

Marahaba. Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika. Upweke ninao, sikatai. Jioni nasalimiana na kuku. Lakini upweke hautoi usaha.

Wiki iliyopita kidonda kilifunguka. Sylvesta, mganga wa zahanati, akabana kitu kwa koleo, akavuta.

"Mzee, ulikula nguo?"

"Vuta, acha maneno!"

Ikatoka ncha ya kitambaa, ina maua ya buluu. Akaogopa kuendelea. Kilichobaki bado kimo.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile ya kupasuliwa, hospitali ya huku haikuwa na vitambaa. Muuguzi alisema kila mgonjwa aje na shuka. Nikapeleka lile la mama yako, wakalikata, wakalichemsha. Shuka la kulalia lina uzi gani maalumu, Kandida? Picha haikudanganya, na wewe hukudanganya. Ila uliniambia habari za upweke, hukuniuliza walitumia vitambaa gani kunipasua.

Sasa homa imenishika, siwezi kupanda basi peke yangu. Njoo unichukue. Picha iache hukohuko. Daktari akibisha, mwambie wapo walioona kwa macho: Sylvesta mwenyewe, Mama Damasi, jirani, aliyeshika beseni, na Herieli Mlutheri, ambaye tangu tujuane hajawahi kukubaliana nami kwa jambo lolote.

Baba yako,
Paskali